Shotigani ya mtumba kwa kupiga sahani: mwaka mmoja na Beretta 686 ya 1989

Nimekaa na hii bunduki mwaka mzima sasa, nimeshapiga nayo zaidi ya risasi 1000, mvua na jua, kwa hiyo naweza kuisema bila kubahatisha. Ni Beretta 686, geji 12 (ndio kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili imepangwa mmoja juu mwingine chini, urefu inchi 28, na nimeinunua mtumba. Kuna wanaoniuliza kwa nini sikujikamua nikachukua mpya, kuna wanaoniuliza wakitaka ya zamani waangalie nini, na hawa wa pili ndio nawaandikia zaidi, maana mi mwenyewe kabla ya hii nilishaumia na nyingine na sipendi mtu mwingine aumie hivyo hivyo.

Kwa wasiojua mchezo wenyewe, sahani tunaziita za udongo ila sio udongo, ni lami iliyochanganywa na unga wa chokaa, upana wake milimita 110, mashine inairusha na wewe unaivunja ikiwa hewani. Raundi moja ni sahani 25. Sisi tunapiga kwenye shamba la rafiki upande wa Nakaseke, hapa Uganda, Jumapili moja kwa mwezi, polisi wana taarifa, mwenyekiti wa LC1, yani wa kijiji, ana taarifa, na majirani wanajua siku hiyo ng'ombe wasipitie upande wa bondeni. Sahani na risasi zinakuja kwa bei, sio mchezo wa kumwaga pesa ovyo, ndo maana bunduki ikiwa mbovu inauma mara mbili, unapoteza risasi na unapoteza bega.

Ya kwanza nilinunua kwa macho. Ilikuwa mitutu sambamba, ya Kiingereza, jina la kiwanda naliacha na duka nalo naliacha, nakshi za ndege ubavuni zimechongwa hadi unaona manyoya, kitako cha mti wa wolnati kinang'aa kama meza ya askofu. Muuzaji akasema imekaa miaka yote kwa mkulima mmoja wa chai, haina kazi nyingi. Nikalipa. Jumapili ya kwanza nikapiga risasi 50 zenye gramu 28 za marisawa, zile goroli ndogo za ndani, na kesho yake kunyoosha mkono tu kushika mlango wa taksi nilishindwa, bega limevimba limekuwa jeusi. Nikadhani ni mimi, sijazoea, nikaendelea mwezi wa pili. Sahani nazo zilikuwa zinapita tu.

Kuna mzee tunapiga naye, alifanya kazi Idara ya Wanyamapori tangu zamani, kabla haijaunganishwa na Hifadhi za Taifa ikawa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, mwaka 1996. Sio mtu wa maneno mengi. Siku hiyo akaniomba, "Kijana wangu, hebu niione." Akaifungua, akahakikisha chemba zote mbili, pale risasi zinapokaa, ziko tupu, akaitenganisha vipande vitatu juu ya mkeka, akageuza mitutu chini juu akasogeza na miwani. Akanionyesha maandishi madogo sana yamegongwa kwenye chuma: 2½. Akauliza, "Risasi zako za ngapi?" Nikaangalia boksi: milimita 70.

Hapa naomba msome polepole maana ndo pabaya kuliko pote. Urefu ulioandikwa kwenye boksi la risasi ni urefu wa ganda likishapigwa na mdomo wake kufunguka, sio urefu wa risasi ukiishika mkononi ikiwa bado nzima. Risasi ya milimita 70 ikiwa bado haijapigwa ni fupi, inaingia kwenye chemba ya inchi 2½, yani milimita 65, inaingia kabisa na bunduki inafunga vizuri, hakuna kitu kinakuonya. Ukifyatua, mdomo wa ganda unafunguka hauna nafasi, unaingia pale mtutu unapoanza kubana, presha inapanda, teke linazidi na bunduki inaumia. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza chemba zake ni hizo fupi. Mi nilikuwa nimepiga risasi nyingi hivyo, uso wangu ukiwa sentimita chache tu kutoka pale!

Halafu akafanya kitu kingine ambacho sijakisahau. Akachukua ile mitutu peke yake, akaining'iniza kwa kidole kwenye kile kindoano cha chini karibu na chemba, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikatoa sauti ya kigogo, dup. Akachukua mitutu ya bunduki yake akafanya vilevile, ikalia tiiing, ikakaa inalia kama kengele ya shule ikiwa mbali. "Unasikia?" Mitutu miwili inashikanishwa na ubavu, ule utepe wa chuma uliolehemiwa kati yake, na lehemu ikiachia mahali popote sauti inakufa. Unyevu unaingia humo kwenye nafasi, kutu inakula kutoka upande usiouona, na kuilehemu upya ni kazi ya fundi mkubwa, kwa ile yangu gharama ingepita bei niliyoinunulia.

Nilikasirika sana siku ile, sana, lakini nikamwomba anifundishe kila kitu kabla sijatoa tena shilingi moja. Haya yanayofuata mengi ni yake.

Kwanza karatasi. Hapa Uganda bunduki inaenda na cheti cha polisi, sheria yenyewe ni ya 1970, na tangu 2018 Rais alipoagiza bunduki zote ziwekewe alama watu wamekuwa makini zaidi, na sawa kabisa. Usitoe pesa ukaondoka na bunduki ya mtu eti karatasi zitafuata, hata akiwa shemeji yako. Angalia namba kwenye bodi (kile chuma cha katikati chenye triga), kwenye mitutu na kwenye ubao wa mbele, ule wa chini ya mitutu unaoushika kwa mkono, kama zimegongwa kote zifanane. Zikitofautiana ujue mitutu imetoka kwingine, hiyo bunduki achana nayo hata iwe nzuri vipi.

Kisha uuondoe ule ubao wa mbele. Hii wengi hawaifanyi na wauzaji wengine hawapendi uifanye, maana ubao wa mbele una springi inayosukuma mitutu ikae kimya, yani unaficha kulegea. Ukishautoa, rudisha mitutu ufunge, shika shingo ya kitako, tikisa kwa nguvu juu chini kisha kushoto kulia. Isicheze hata kidogo. Ukisikia kak kak kak, bawaba imekwisha. Halafu inua kwenye mwanga uangalie pale mitutu inapokutana na uso wa bodi, mwanga usipite. Mzee ana kikaratasi cha sigara anakibania pale, kikichomoka kirahisi anatikisa kichwa.

Angalia pia ule wenzo wa kufungulia juu. Kwenye Beretta, Browning na nyingi za aina hiyo, ikiwa mpya na imefungwa wenzo unasimama kulia kidogo ya katikati, na kadri vyuma vinavyolika unasogea katikati halafu unavuka kushoto. Ukiukuta umeshavuka kushoto sana, hiyo imefungwa na kufunguliwa mara nyingi mno, bei iteremke au uondoke.

Ndani ya mitutu, usitazame tu kama inang'aa, mafuta yanang'arisha kila kitu. Futa mafuta yote kwanza kwa kitambaa kikavu. Ielekeze kwenye dirisha au ukuta mweupe, zungusha polepole, utaona duara za kivuli. Duara zikiwa safi na mviringo kamili mpaka mwisho ni vizuri. Duara likivunjika hapo pamebonyea. Ukiona pete nyeusi imezunguka, hapo mtutu umevimba, mtu aliwahi kupiga na kitu kimeziba humo ndani, matope au kitambaa alichosahau. Vishimo vidogo vya kutu karibu na chemba vinavumilika kama ni vichache, vikiwa virefu kila mahali hapana. Na ukiona mitutu ina michirizi ya kujipinda kama ngozi ya nyoka, hiyo ni chuma cha Damasko, cha enzi za baruti nyeusi, nzuri ya kutundika ukutani, risasi za leo usiziingize humo kabisa.

Skrubu zinaongea. Skrubu ambazo mfereji wake umechubuka zimefunguliwa na mtu mwenye bisibisi ya redio, na mtu huyo hujui alichezea nini ndani. Kitako uangalie nyuma ya bodi pale mbao inapokutana na chuma, nyufa nyembamba kama unywele huanzia hapo, na mbao ikiwa nyeusi na laini imelewa mafuta, maana watu wanazipaka mafuta kupita kiasi halafu wanazisimamisha kitako chini na mafuta yanateremka. Yangu naihifadhi mdomo chini, na kwa unyevu huu wetu wa karibu na ziwa naifuta kila ninapoigusa, jasho la kidole likilala usiku mmoja tu asubuhi unakuta alama ya kutu imechora kidole chako.

Triga. Weka risasi bandia, usifyatue tupu, fyatua mtutu wa kwanza, kisha wa pili. Bunduki nyingi za triga moja zinategemea lile teke la risasi ya kwanza ndo zihamie mtutu wa pili, sa ukifyatua bila teke wa pili utakataa, na nimeshaona mtu ameacha bunduki nzuri kabisa akidhani ni mbovu. Gonga sehemu ya nyuma ya kitako kwa kiganja, utasikia imehama, halafu fyatua. Kisha ifungue uone ejekta, vile vyuma vinavyorusha maganda nje, zinarusha zote mbili kwa nguvu sawa.

Baada ya shule hiyo nilizunguka miezi minne. Niliona Winchester 101, hizi zilitengenezwa Japani kuanzia 1963, tamu sana ila ilikuwa na choki (kule kubana kwa mdomo wa mtutu) kali zote mbili za kudumu, na choki ya kudumu fundi anaweza kuipanua ila hawezi kuirudisha. Niliona Baikal IZH-27 ya Izhevsk, Urusi, nzito, imara, haina urembo wowote, kwa anayeanza na pesa ndogo ningemwambia achukue na asijutie. Browning B25 niliishika mara moja tu, ile iliyobuniwa na John Browning mwenyewe kabla hajafa 1926 na ikaanza kuuzwa 1931 kutoka Ubelgiji, bei yake nikairudisha mezani kwa adabu.

Hii 686 ilikuwa ya bwana mmoja ambaye macho yamemwacha, ikauzwa kupitia dila mwenye leseni, karatasi zote zipo. Mwaka wake niliujua kwenye mtutu wenyewe. Italia wanagonga alama ya mwaka kwa herufi ndani ya kisanduku kidogo, AA ni 1975, inapanda hivyo, na yangu imegongwa AU, ambayo ni 1989. Muuzaji alikuwa ananiambia ni ya "juzi juzi tu elfu mbili na kitu", nikamwonyesha kile kisanduku na bei ikaongea lugha nyingine. Sio kwamba 1989 ni mbaya, hapana. Ila mtu alipie kitu alichonacho mkononi.

Tukaining'iniza, nikagonga mimi mwenyewe safari hii. Tiiing. Mzee akacheka.

Kilichonivutia kwenye hizi 680 za Beretta ni bawaba yake. Haina ile pini moja nene inayopita chini ya mitutu kama Browning, ina vifundo viwili vidogo, kimoja kila upande, kwa hiyo bodi inakuwa fupi kwenda juu na mitutu inakaa chini karibu na mkono wako wa mbele. Unaponyoosha kwenye sahani unahisi kama unanyooshea kidole. Na vifundo hivyo vikilika vinatolewa vinawekwa vipya, vipo hata vya saizi kubwa kidogo kwa ajili ya kukaza ile iliyolegea, hata zile pini za kufungia nazo ni hivyohivyo. Kwa mtu anayenunua bunduki ya miaka thelathini na kitu hilo ni jambo kubwa, unajua siku ikichoka kuna njia. Chemba ni za milimita 70, nimezisoma kwa macho yangu mara tatu kabla ya kulipa, mnaelewa kwa nini. Choki ni za kubadilisha, sahani za kupita karibu mita 20 naweka iliyo wazi kabisa, zile zinazokimbia mbele kwenda mita 35 naweka nusu. Marisawa ni yale ya kawaida tu ya madini ya risasi, ya chuma siweki, hasa usiweke kwenye bunduki ya zamani ya choki kali.

Sasa upande ambao haukukaa sawa. Hii ni bunduki ya porini, sio ya sahani. Niliipima kwenye mizani ya muuza kahawa, kilo 3.2. Bunduki zilizoundwa kwa sahani zinaenda 3.5 na zaidi, mitutu inchi 30 au 32, uzito huo unameza teke na unasaidia mkono uendelee kusogea, maana kosa letu wengi ni kusimamisha mkono sekunde ile unapofyatua na marisawa yanapita nyuma ya sahani. Yangu inataka usianze kwa papara. Raundi mbili hainisumbui, ya nne nahisi begani, kwa hiyo nimehamia risasi za gramu 24, zilezile wanazotumia Olimpiki, na kwa kweli sahani zinavunjika vilevile. Sefti yake nayo, kile kizuizi cha triga, inajirudisha yenyewe kila ukifungua bunduki, porini ni kitu kizuri, kwenye sahani unajikuta unavuta triga na hakuna kitu na sahani imeshaenda, mwezi wa kwanza ilinila sahani kama kumi, sasa kidole gumba kimezoea kusukuma chenyewe.

Kitu cha mwisho ni mwili wako, na hapa ndo ningetaka mtu atumie muda mwingi kuliko pote. Mi natumia mkono wa kushoto. Vitako vingi vimepindishwa kidogo kwa ajili ya mtu wa kulia, na ile sambamba ilikuwa hivyo, nilikuwa napiga kulia kwa sahani miezi yote miwili nikijilaumu bure. Fumba macho, pandisha bunduki begani kama kawaida, fumbua. Jicho lako likute ubavu wa juu umenyooka na kile kishanga cha mbele kimekaa katikati. Ukikuta unaangalia ubavu kutoka pembeni, au unaona mgongo wa bodi tu, hicho kitako sio chako. Hii Beretta ilikuwa imepinda kidogo sana, fundi akaipasha moto kwa mafuta akaivuta kuelekea upande wangu milimita chache, akabadilisha ule mpira wa nyuma uliokuwa umekauka kama jiwe akaweka mnene kidogo, maana mikono yangu ni mirefu. Pesa ya kazi hiyo haikufika hata robo ya bunduki. Siku niliyorudi nayo shambani nilivunja 17 kati ya 25, mimi ambaye sikuwahi kufika 10, na mzee akaniambia niache kuangalia bunduki niangalie sahani, mwezi uliofuata 19.

Mwaka mmoja huu sijabadilisha kitu kingine, pini za kufyatulia nzuri, ejekta nzuri, wenzo uko palepale kulia kidogo. Rangi nyeusi ya bodi imeisha pale mtu wa kwanza alipokuwa anaibebea, naona alama ya kiganja chake kabisa, sitaipaka upya.

Ile sambamba niliirudisha kwa dila mwenye leseni. Nimemwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, CHEMBA NI INCHI 2½, UBAVU UMEACHIA LEHEMU, na nimesimama pale mpaka akaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake.